Huang Gongwang na Gombo la Milima ya Fuchun

Miongoni mwa wachoraji wakubwa wa Uchina wa kale, hakuna aliyesimuliwa sana na kutazamwa kidogo kama Huang Gongwang. Kila atajwapo, hutajwa gombo lake la Milima ya Fuchun. Na gombo hilo litajwapo, husimuliwa mikasa yake: lilivyotiwa motoni, lilivyokatika vipande viwili, lilivyohukumiwa na kaisari kuwa la uongo, na jinsi bahari ilivyokuja kukitenga kipande kimoja na chenzake. Mikasa hiyo ni ya kweli, nayo yavutia. Walakini imeifanyia picha yenyewe dhuluma moja: imeigeuza kuwa shahidi ambaye kesi yake yajulikana na kila mtu, ila yeye mwenyewe hajaulizwa neno. Yafaa basi shahidi huyo aulizwe, na swali la kwanza liwe hili: je, picha hii ni kazi ya mtu aliyeukimbia ulimwengu, kama wasemavyo wafasiri wengi, ama ni kazi ya mtu aliyerudi kuutazama ulimwengu uleule kwa utulivu ambao shughuli zake za kwanza hazikumpa?

Huang Gongwang alizaliwa mwaka 1269 katika nchi ya Changshu, kusini ya mto Yangtze, wakati dola ya Song ilipokuwa ikivuta pumzi zake za mwisho. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, dola hiyo ilikwisha, na Wamongoli wakaitawala Uchina yote kwa jina la Yuan. Ukoo wake wa kuzaliwa ulikuwa Lu. Alipokuwa mtoto alichukuliwa na mzee mmoja wa ukoo wa Huang, mtu mwenye umri mkubwa sana asiye na mwana, na jina alilopewa lahifadhi furaha ya mzee huyo. Jina la ukoo, jina Gongwang, na jina la heshima Zijiu, yakisomwa mfululizo, hutoa sentensi kamili yenye maana kwamba mzee Huang amemtamani mtoto kwa muda mrefu. Ni watu wachache waliotembea duniani wakiwa na jina ambalo lenyewe ni ushuhuda wa kungojewa. Kungoja, kama itakavyoonekana, kulikuja kuwa nusu ya ufundi wake.

Kijana aliyesoma katika siku hizo hakuwa na njia pana mbele yake. Mitihani ya serikali, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa mlango wa wasomi kuingia katika utawala, ilikuwa imesimamishwa. Amri ya kuirudisha ilitolewa mwaka 1313, na mtihani wenyewe ukafanywa mwaka 1315. Aliyekosa mlango huo aliingia kwa dirisha, yaani kwa kazi ya ukarani. Ndiyo kazi aliyoifanya Huang. Alihudumu katika ofisi za serikali zilizoshughulika na hesabu za mashamba na nafaka ya kodi, na hatimaye akafika mji mkuu akiwa chini ya mkubwa mmoja aitwaye Zhang Lü. Mkubwa huyu alitumwa kusini kusimamia upimaji wa ardhi, kazi iliyowaletea watu wa huko taabu na uonevu, na mwaka 1315 akakamatwa. Karani wake akatiwa gerezani pamoja naye. Mwaka uleule ambao mlango wa mitihani ulifunguliwa tena, rafiki yake Yang Zai alipita mlangoni, na Huang alikuwa nyuma ya mlango mwingine.

Alipotoka alikuwa akielekea umri wa miaka hamsini, na utumishi wa serikali ulikuwa umekwisha kwake. Aliishi kwa kupiga bao, akajiunga na madhehebu ya Watao yaitwayo Quanzhen, akatangatanga katika miji na milima ya kusini. Alijipa majina mapya, na moja la majina hayo ni Dachi. Wafasiri hulifasiri kuwa Mpumbavu Mkubwa, na tafsiri hiyo si kosa, ila ni nusu tu. Neno chi katika lugha ya Kichina ni upumbavu, lakini vilevile ni ile hali ya mtu aliyetekwa na kitu anachokipenda hata akaonekana hana akili. Mtu aliyejiita hivyo alikuwa akikubali dharau ya watu na kutangaza mapenzi yake kwa neno moja.

Uchoraji wake ulikomaa katika sehemu hii ya maisha, katika umri ambao wengine huanza kuhesabu walichokwisha kukifanya. Kazi zake zijulikanazo zaidi ni za uzeeni: picha ya Genge la Mawe la Ziwa la Mbinguni ni ya mwaka 1341, na ile ya Vilele Tisa baada ya Theluji ni ya mwaka 1349, alipokuwa na umri wa miaka themanini. Aliacha pia maneno mafupi ya kuwafundisha wanaotaka kuchora mandhari, na maneno hayo yastahili kusomwa polepole kuliko yalivyozoea kusomwa. Humo amshauri mchoraji achukue burashi katika mfuko wa ngozi kila aendako, ili aonapo mti wenye umbo la ajabu mahali pazuri, aunakili papo hapo. Asema pia kwamba jambo gumu kupita yote ni matumizi ya wino, na kwamba yafaa kuanza na wino mwepesi, kuulimbikiza mpaka picha ifike hali ya kutazamika, ndipo utiwe wino mzito na wino mkavu. Tena aonya dhidi ya kasoro nne ambazo mchoraji hana budi kuziepuka: upotovu, utamu, uduni wa mitaani, na tabia ya kuegemea kazi za wengine. Hiyo ya pili yashangaza. Watu wengi hudhani utamu ni fadhila ya picha. Huyu mzee aliuweka katika orodha ya maradhi.

Mashauri haya si ya mtu aliyefumba macho. Karani aliyezoea kuandika alichokiona ili kisipotee hesabuni ndiye anayefikiri kuchukua burashi katika mfuko.

Mto Fuchun hupita katika jimbo la Zhejiang, kusini-magharibi ya mji wa Hangzhou, na uelekeapo mji huo hubadili jina ukaitwa Qiantang. Mwaka 1347 Huang alirudi katika milima ya huko akiwa na mwenzake wa dini, Mtao aliyeitwa Zheng, ambaye jina lake la kujipa lilikuwa Wuyong, maana yake Asiyefaa Kitu. Mpumbavu Mkubwa na Asiyefaa Kitu walikaa pamoja, na katika jumba la kusini mzee akaanza kuchora. Habari hizi zajulikana kwa sababu aliziandika mwenyewe mwishoni mwa gombo mwaka 1350. Aeleza kwamba alianza akiwa na wasaa, akaendelea kila furaha ilipomjia, akalipanga gombo zima bila kuhisi uchovu, kisha miaka mitatu au minne ikapita na kazi haijesha, kwa kuwa gombo liliachwa milimani naye alikuwa safarini. Sasa amelichukua ndani ya mizigo yake, ili kila apatapo nafasi, asubuhi au jioni, aongeze kitu. Sababu ya kuandika kabla ya kumaliza ni kwamba Wuyong alihofu mtu asije akalichukua kwa hila au kwa nguvu, akaomba jina la mwenye mali litangulie.

Msomaji aangalie vizuri jambo hilo. Maandishi ya mwisho wa kazi, ambayo kwa kawaida hutangaza kwamba kazi imekwisha, hapa yatangaza kwamba haijesha. Mchoraji haonei haya ucheleweshaji wake. Aueleza kama sehemu ya kazi, na ataka watu wajue ugumu wa kuikamilisha. Yeyote atakayeitazama picha kwa kufikiri kwamba mandhari ilimjia mchoraji kwa pigo moja la msisimko, atakuwa anaitazama kinyume cha ushahidi wa mwenyewe.

Ushahidi wa burashi waafikiana na ushahidi wa maneno. Gombo la mkono halitundikwi ukutani. Huwekwa mezani, likafunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto kama msahafu usomwavyo, na jicho hupewa urefu wa mikono miwili tu kwa wakati mmoja. Kinachofuata bado kimekunjwa na kilichopita kimekwisha kukunjwa. Sehemu kubwa iliyobaki ya gombo hili, iliyochorwa kwa wino juu ya karatasi sita zilizoungwa, ina kimo cha sentimita 33 na urefu wa karibu sentimita 637. Hapo milima yainuka, yashuka, yaachia nafasi ya maji na ukingo wa mchanga, kisha yainuka tena kwa umbo lingine. Miteremko imechorwa kwa mistari mirefu iliyolala, ambayo Wachina huifananisha na nyuzi za katani zilizochanwa, na ambayo Huang aliirithi kwa Dong Yuan na Juran, mabwana wa karne ya kumi. Lakini ukiikaribia, mistari hiyo haina umri mmoja. Chini kuna wino mwepesi uliokuwa umekwisha kukauka; juu yake kuna mstari wa pili usiofuata wa kwanza barabara; juu ya huo kuna vitone vya miti ya mbali, na mahali pengine mti mzima umeongezwa kwa wino mzito juu ya mteremko uliokuwa umekaa bila mti kwa muda usiojulikana. Hakukuwa na kufuta. Kila alichokiwaza baadaye alikiweka juu ya alichokiwaza kwanza, na vyote viwili vyaonekana. Picha hii basi ina miezi na miaka ndani yake, na mtazamaji mwenye subira aweza kuisoma kama mtu asomavyo tabaka za udongo ukingoni mwa mto.

Karibu na mwisho huinuka kilele kimoja kirefu, chembamba kuliko vilivyotangulia, na baada yake nchi yalala chini, vilima vyabaki kama moshi wa wino mwepesi, na maji yachukua nafasi iliyobaki.

Sasa lirudiwe swali la ulimwengu uliokimbiwa. Hoja ya wanaosema hivyo ni rahisi: mtu ameshindwa katika serikali ya wageni, amefungwa, amevaa kanzu ya utawa, amechora milima, basi milima ni maficho. Hoja hii yamfaa zaidi Ni Zan, rafiki yake aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka thelathini, na ambaye pamoja na Huang, Wu Zhen na Wang Meng huhesabiwa kuwa mabwana wanne wa enzi ya Yuan. Katika picha za Ni Zan kuna miti michache, maji mapana, na kibanda kitupu ambacho hakuna mtu anayeingia wala kutoka. Huo kweli ni uchoraji wa mtu aliyefunga mlango. Gombo la Fuchun halina upweke huo. Lina nyumba zilizokusanyika chini ya miti, lina wavuvi ndani ya mashua, lina mtu aliyeketi bandani juu ya maji akiwatazama bata. Watu hawa ni wadogo, lakini hawakutiwa kama pambo; njia zaanzia kwao na kuishia kwao. Nchi hii inakaliwa.

Ikumbukwe pia ni nchi gani. Mikoa ya kusini ya Yangtze ndiyo mikoa iliyotozwa kodi nyingi, na ndiyo iliyopimwa katika ule upimaji uliompeleka Huang gerezani. Katika daftari za ofisi, mteremko ulikuwa kiasi, shamba lilikuwa kiasi, na ukingo wa mto ulikuwa mpaka wa kiasi. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, aliyekuwa karani ashika burashi ileile ya kuandikia hesabu, apita juu ya nchi ya namna ileile, na safari hii hapimi kitu. Hakuna mpaka katika gombo lile. Mteremko mmoja waishia ndani ya mwingine, na maji hayakati nchi bali yaiunga. Yamkini mchoraji mwenyewe asingelieleza hivyo, na ni kweli kwamba mkosoaji aweza kutoa katika wasifu wa mtu chochote anachokitaka. Wako watakaojibu kwamba vilima hivyo vimetoka katika kazi za Dong Yuan, si katika mashamba ya kodi. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa mistari. Haliwezi kueleza kwa nini mtu aliyejifunza mistari hiyo alitaka kukaa nayo kwa miaka mitatu au minne juu ya mto mmoja.

Hofu ya Wuyong ilikuwa na msingi, ingawa ilichukua zaidi ya karne kutimia. Katika karne ya 15 gombo lilikuwa mikononi mwa mchoraji Shen Zhou wa Suzhou. Alilipeleka kwa mtu aliandikie maneno, na mwana wa mtu huyo akaliuza. Lilipotokea tena sokoni, bei yake ilimshinda Shen Zhou, naye mwaka 1487 akalichora upya lote kwa kumbukumbu. Nakala hiyo ingali ipo Beijing, na ndiyo heshima kubwa kupita zote iliyopata kutolewa kwa gombo hili, kwa sababu ni heshima ya jicho. Mwaka 1596 Dong Qichang, mkosoaji aliyewapanga wachoraji wote wa Uchina katika silsila mbili, alilipata. Kutoka kwake likaingia katika ukoo wa Wu wa Yixing. Mwaka 1650 mmoja wa ukoo huo, Wu Hongyu, alipokuwa akifa, aliagiza lichomwe ili aende nalo. Mpwa wake alilinyakua motoni na kutupa gombo lingine mahali pake. Kwa kuwa lilikuwa limekunjwa, moto ulitoboa tabaka baada ya tabaka, na likafunguliwa likiwa na matundu yanayorudiarudia. Mwanzo wake ulikatika. Kipande kidogo, chenye urefu wa sentimita 51 hivi na mlima mmoja mzima juu yake, kilipewa jina la Mlima Uliobaki. Sehemu kubwa huitwa Gombo la Bwana Wuyong.

Mkasa wa Kaisari Qianlong wahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, maana huo si ajali. Ni kosa la ukosoaji. Mwishoni mwa mwaka 1745 aliletewa gombo la Fuchun lenye maandishi ya kumtunukia mtu aitwaye Ziming. Alilipenda mno. Mwaka uliofuata likaja lile la Wuyong, naye akakata shauri kwamba hili la pili ni nakala. Alilinunua hata hivyo kwa kuwa lilikuwa na uzuri, akamwamuru waziri wake Liang Shizheng aandike hukumu hiyo juu yake. La Ziming likawa msafiri wake. Kwa muda wa miaka hamsini hivi aliandika juu yake mashairi na maneno zaidi ya mara hamsini, mpaka mbingu ya picha ikajaa wino wa kaisari na mihuri yake. Gombo hilo la Ziming ndilo la uongo.

Wasimulizi hucheka hapa na kuendelea. Lakini kaisari hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyeona picha nyingi kuliko takriban mtu yeyote wa zama zake. Kosa lake lafaa kuwa somo kwa sababu lingali likifanywa na watu wenye elimu. Aliupenda uamuzi wake wa kwanza, kisha akausoma ushahidi wote kwa kuutetea. Maandishi ya Ziming yamewekwa tarehe ya mwaka 1338, miaka tisa kabla ya mwaka ambao Huang mwenyewe asema alianza kazi, na picha ile yaufuata mpangilio wa Wuyong mlima kwa mlima. Mtu angeuliza kwa nini mzee aanze kwa taabu mwaka 1347 kazi aliyokwisha kuimaliza. Zaidi ya hayo, mstari wa mwigaji una umri mmoja. Yeye ajua mlima utakapoishia kabla ya kuuanza, kwa hiyo hasiti, haongezi, harudi. Na mwenye macho ya haraka aona unadhifu huo kuwa ustadi. Kwa neno la Huang mwenyewe, ni mtamu. Kaisari alichagua utamu.

Kwa hukumu ile gombo la kweli liliokoka. Watao husimulia, katika kitabu cha Zhuangzi, habari za mti uliokua mkubwa kwa sababu mbao zake hazikumfaa seremala. Gombo la Bwana Asiyefaa Kitu lilitiwa ghalani kama kitu kisichofaa, na kaisari akaiacha mbingu yake karibu tupu. Mwaka 1816, Qianlong akiwa amekwisha kufa, waorodheshaji wa hazina ya kifalme waliliingiza katika orodha yao, lakini ilihitajika karne ya 20, na macho ya wataalamu kama Xu Bangda, ndipo mambo yakawekwa wazi kabisa.

Madhara makubwa zaidi hayakutoka kwa kaisari bali kwa wapenzi. Wachoraji wa karne ya 17 na ya 18 walioitwa Wang wanne walimfanya Huang kuwa kanuni. Wang Yuanqi alifanya nayo mambo ya nguvu. Waliomfuata walirithi vitone na nyuzi za katani bila ile miaka iliyokuwa kati ya mstari mmoja na mwingine, wakaingia moja kwa moja katika kasoro ya nne, ile ya kuegemea.

Kipande kidogo kilinunuliwa Shanghai mwaka 1938 na mchoraji Wu Hufan, aliyekitambua, na mwaka 1956 kikaingia katika makumbusho ya jimbo la Zhejiang huko Hangzhou. Kile kikubwa kilihamishwa pamoja na hazina nyingine za kifalme wakati wa vita, kikavushwa bahari hadi Taiwan, ambako kimo katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kasri, Taipei. Na la Ziming limo humo humo. Mwezi wa Juni 2011 Mlima Uliobaki ulipelekwa Taipei, ukalazwa kuliani mwa gombo lake kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 360. Baina ya kingo mbili pana sehemu iliyoliwa na moto, na hapo mteremko wa mlima mdogo wafika ukingoni bila kumaliza kushuka. Maonyesho yalipokwisha, kipande cha Hangzhou kilirudishwa kwao.